Nodi ya Pili Si ya Akiba: Ukuaji wa Mfumo wa HDFS na Zoezi Letu la Tafsiri

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu, katika somo la Tafsiri na Ukalimani, kifungu kifupi cha Kiingereza kinachohusu mfumo wa kuhifadhia mafaili uitwao HDFS. Lengo lilikuwa kupima jinsi wanavyozikabili istilahi za kompyuta. Katika kifungu hicho zilitajwa mashine mbili. Moja inaitwa nodi ya majina, na nyingine ina jina lile lile likiongezewa neno lenye maana ya "ya pili". Wanafunzi wengi waliitafsiri hiyo nyingine kuwa "nodi ya majina ya akiba". Sarufi ilikuwa safi, mtiririko ulikuwa mzuri, nasi tukatoa alama.

Siku chache baadaye mwenzetu anayefundisha sayansi ya kompyuta alikuwa ofisini kwetu akisubiri chai. Akaokota karatasi moja mezani, akasoma, akaguna. "Mwalimu," akasema, "hii mashine si ya akiba. Mtu akiamini hivi, siku ile ya kwanza ikifa atapoteza kila kitu."

Kosa, basi, lilikuwa la wanafunzi na letu pia, na letu lilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa sisi ndio tuliosahihisha. Tulikuwa tumepima maneno bila kukifahamu kitu kinachosemwa. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Tutaeleza HDFS ni nini, ilianza vipi, na ilikuaje hatua kwa hatua hadi kufikia hali iliyo nayo, ili mwalimu au mwanafunzi wa lugha atakayekutana na maandishi ya namna hii ajue anachokitafsiri.

Tuanze na mwaka 2002. Wamarekani wawili, Doug Cutting na Mike Cafarella, walianza kutengeneza programu huria ya kutafutia habari kwenye intaneti, wakaiita Nutch. Programu ya aina hii hulazimika kunakili kurasa za intaneti, kuzihifadhi, kisha kuziandalia faharasa. Walipopiga hesabu, waliona kwamba faharasa ya kurasa bilioni moja ingehitaji mashine za takriban dola nusu milioni, na kuziendesha kungegharimu dola 30,000 kila mwezi. Hata kama fedha ingepatikana, kazi ya kugawa mafaili kwenye mashine nyingi, kuyahamisha diski zinapojaa, na kujua lipi liko wapi, isingeweza kufanywa kwa mkono.

Jibu lilitoka kwa washindani wao wakubwa. Oktoba 2003 wahandisi watatu wa Google, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung, waliwasilisha makala ya kitaaluma yaliyoeleza mfumo wa mafaili uliotumika katika kampuni yao. Wazo kuu ni rahisi, ingawa wakati ule liliwashangaza wengi. Badala ya kununua mashine chache za bei kubwa na kuomba zisiharibike, nunua mashine nyingi za bei nafuu na uchukulie kwamba kila siku mojawapo itaharibika. Kuharibika si ajali tena, ni sehemu ya ratiba. Kazi ya programu ni kuhakikisha mtumiaji hajui kwamba kuna kilichoharibika.

Google walitoa maelezo tu. Programu yenyewe walibaki nayo. Kwa hiyo mwaka 2004 Cutting na Cafarella waliketi kuandika ya kwao wakifuata makala yale, na Februari 2006 sehemu hiyo ikatolewa ndani ya Nutch na kuwa mradi unaojitegemea. Jina lake, Hadoop, ni jina ambalo mtoto wa Cutting alimpa mdoli wake wa tembo wa manjano. (Tunawaachia wanafunzi wa mofolojia swali hili: jina hilo liingie wapi katika njia za uundaji wa maneno tulizozoea kuzifundisha? Si mkopo, si uambatani, wala si akronimu.) Herufi HDFS ndizo akronimu, na husimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mfumo wa Hadoop wa mafaili yaliyotawanywa".

Sasa tueleze unavyofanya kazi. Neno "nodi" lisiwatishe wanaisimu. Tunalitumia katika michoro ya matawi tunapochanganua sentensi, na hapa maana yake ni kompyuta moja iliyounganishwa na nyingine. Fikiria masjala ya chuo. Karani wa masjala ana daftari kubwa linaloonyesha kila jalada liko kabati gani. Yeye mwenyewe hana majalada. Ukitaka jalada, humwuliza karani, naye hukutajia kabati, kisha unakwenda kulichukua. Nodi ya majina ndiyo karani huyo. Nodi za data ndizo makabati, isipokuwa haya ni makabati yenye akili.

Mtumiaji anapoandika faili, mfumo hulikata vipande vikubwa. Mwanzoni kila kipande kilikuwa na megabaiti 64, na katika matoleo ya baadaye kiwango cha kawaida kikawa megabaiti 128. Kila kipande huwekwa katika nakala tatu kwenye nodi tatu tofauti. Hapo mwanzo mfumo haukujali nodi hizo zimepangwa vipi chumbani. Baadaye ukafundishwa kwamba mashine zilizo katika raki moja hutegemea kifaa kimoja cha mtandao, hivyo huweza kupotea pamoja. Ndipo ikawekwa kanuni: nakala ya kwanza kwenye mashine ya mwandishi ikiwa ni mojawapo ya nodi za data, ya pili kwenye raki nyingine, na ya tatu kwenye raki hiyo ya pili lakini mashine tofauti.

Kila baada ya sekunde 3, kila nodi ya data hutuma ishara fupi kwa nodi ya majina kusema "nipo". Wataalamu huiita ishara hiyo mapigo ya moyo, na kwa mara moja tafsiri sisisi imetufaa. Mapigo yakikosekana kwa dakika kama 10, nodi hiyo huhesabiwa imekufa. Nodi ya majina huangalia vipande vilivyokuwa humo, kisha huziagiza nodi nyingine zenye nakala za vipande hivyo zitengeneze nakala mpya. Hakuna mtu anayeamshwa usiku.

Je, jambo hili lina uzito wowote? Makala ya mwaka 2010 ya wahandisi wa Yahoo!, kampuni iliyomwajiri Cutting mwaka 2006 na kuubeba mradi kwa miaka mingi, yanatoa hesabu. Wakati huo walikuwa na petabaiti 25 za data kwenye seva 25,000, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa na seva 3,500. Kila mwezi karibu asilimia 0.8 ya seva ziliharibika. Kwa kundi la seva 3,500 hizo ni kama 28 kwa mwezi, yaani karibu moja kila siku ya Mungu. Makala hayo yanaongeza jambo ambalo sisi wa huku kwetu, tuliozoea umeme kwenda na kurudi, tutalielewa haraka kuliko wao. Kundi lote likizimika na kuwashwa upya, kati ya asilimia 0.5 na 1 ya mashine haziamki tena. Nakala tatu hazisaidii sana ikiwa mashine tatu zenye kipande kimoja zimegoma kuamka asubuhi moja.

Tufike kwenye kosa letu. Nodi ya majina huliweka daftari lake lote katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatika. Kwa sababu hiyo huhifadhi kwenye diski vitu viwili: picha kamili ya daftari kama lilivyokuwa wakati fulani, na orodha ya mabadiliko yote yaliyofanyika baada ya picha hiyo. Ikiwashwa upya, husoma picha kisha hurudia mabadiliko moja baada ya jingine. Orodha ikirefuka mno, kuwasha mfumo huchukua muda mrefu. Hapo ndipo ilipobuniwa nodi ile "ya pili". Kazi yake ni kuchukua picha ya zamani na orodha ya mabadiliko, kuviunganisha, na kurudisha picha mpya safi. Basi. Ni karani msaidizi anayenakili daftari lililochakaa kwenye daftari jipya. Karani mkuu akianguka, msaidizi huyu hawezi kukaa kwenye kiti chake. Anachobaki nacho ni daftari la saa kadhaa zilizopita, na yaliyoandikwa baada ya hapo hayajui.

Jina hilo liliwapotosha hata wasemaji wa Kiingereza wenyewe, kiasi kwamba nyaraka za mfumo zililazimika kuonya. Baadaye watengenezaji waliongeza nodi nyingine ya kazi hiyo hiyo wakaipa jina linalotaja kazi yenyewe. Hata hivyo jina la zamani halikufa, kama majina ya mitaa yetu yasivyokufa baraza la mji linapobandika vibao vipya. Pendekezo letu kwa tafsiri ni "nodi ya kuunganisha daftari". Ni ndefu, na inaliacha neno "pili" lililo katika matini chanzi. Lakini mfasiri anawajibika pia kwa msomaji atakayezima na kuwasha mashine akiwa na karatasi yetu mkononi.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotuvutia kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba kukua huku hakukuwa ngazi iliyonyooka. Katika matoleo ya mwanzo faili liliandikwa mara moja tu. Likishafungwa, haliongezwi neno. Tena lilihesabiwa lipo pale tu lilipofungwa, kwa hiyo mwandishi akikatika katikati, alichoandika kilipotea. Kwa kurasa za intaneti hilo halikuwa tatizo. Lakini programu nyingine zilianza kujengwa juu ya HDFS, hasa hifadhidata, nazo zilihitaji kuongeza mstari mmoja mmoja mwishoni mwa faili na kuwa na hakika kwamba mstari huo umehifadhiwa.

Uwezo wa kuongeza mwishoni ulitolewa katika toleo la 0.19, mwishoni mwa mwaka 2008. Mwanzoni mwa 2009, katika toleo la 0.19.1, ukazimwa. Ulikuwa unaharibu data. Ulirudi ukiwa umesanifiwa upya katika toleo la 0.21, Agosti 2010. Karibu miaka miwili kwa jambo linalosikika dogo hivyo!

Ugumu ulikuwa wapi? Walimu wataufahamu kwa mfano wa imla. Mwalimu anamsomea mwanafunzi wa kwanza. Wa kwanza anaandika huku akimnong'oneza wa pili, na wa pili akimnong'oneza wa tatu. Hivyo ndivyo HDFS inavyoandika nakala zake tatu, moja ikiipokeza nyingine. Ghafla taa zinazimika. Wa kwanza ameandika maneno 20, wa pili 18, wa tatu 15. Imla ni ipi? Ukichukua ya 20, huna uhakika kwamba wengine wanayo. Usanifu mpya uliweka utaratibu. Nakala zilizobaki hulinganishwa, hukubaliwa urefu ambao zote zinao, kisha kila moja hupigwa muhuri wa namba mpya. Mwanafunzi aliyekuwa nje wakati wa mapatano akirudi na karatasi yenye muhuri wa zamani, karatasi yake hutupwa hata kama ina maneno mengi zaidi. Upande wa pili, mwandishi huambiwa "imehifadhiwa" pale tu maneno yake yanapowafikia wote. Kwa hiyo kinachokatwa ni kile ambacho hajaahidiwa.

Lakini karani mkuu bado alikuwa mmoja. Akizimika, petabaiti zote zilikuwepo salama na hakuna aliyeweza kuzifikia. Kati ya 2011 na 2013 tatizo hilo lilishughulikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kugawa daftari, ili nodi za majina kadhaa zisimamie sehemu tofauti juu ya nodi zile zile za data. Ya pili ndiyo tunayoihitaji hapa: nodi ya majina ya akiba ya kweli. Nodi za data hutuma taarifa zao kwa zote mbili, iliyo kazini na inayosubiri, na kila badiliko la daftari huandikwa katika mashine za kumbukumbu, kwa kawaida tatu, likihesabiwa limekubaliwa pale angalau mbili zinapolipokea. Inayosubiri husoma humo, hivyo muda wote iko karibu sawa na mwenzake.

Hofu ni moja. Vipi ikiwa iliyo kazini haikufa bali imekatika tu kwenye mtandao, na inayosubiri ikapanda kitini? Fahali wawili hawakai zizi moja. Kila nodi inapochukua uongozi hupewa namba kubwa kuliko ya aliyetangulia, na mashine za kumbukumbu hukataa maandishi ya mwenye namba ndogo. Aliyekatika akirudi na kutaka kuendelea kuandika, hukuta mlango umefungwa. Toleo la 2.2, la Oktoba 2013, ndilo lililowafikishia watumiaji wengi utaratibu huu ukiwa umetulia. Kuanzia hapo mtu akiandika "nodi ya akiba" anasema kweli, mradi awe anaizungumzia hii.

Desemba 2017 toleo la 3.0 liligusa hata kanuni ya nakala tatu. Nakala tatu humaanisha kila terabaiti moja inakula nafasi ya terabaiti tatu. Njia mpya hukusanya vipande sita vya data na kuvikokotolea vipande vitatu vya hisabati. Ukipoteza vipande vyovyote vitatu kati ya hivyo tisa, vilivyobaki hutosha kukokotoa vilivyopotea. Nafasi inayotumika ni mara moja na nusu tu badala ya mara tatu. Gharama yake ni kazi ya ziada ya kukokotoa na kusafirisha data kwenye mtandao panapotokea uharibifu, ndiyo maana nakala tatu bado zipo kwa data inayotumika mara kwa mara.

Baada ya kusoma haya, mwanafunzi mmoja alituuliza kama idara yetu ingefaa kuweka kanzi yake ya matini na rekodi kwenye HDFS. Jibu ni hapana. Nodi ya majina hutumia takriban baiti 150 za kumbukumbu kwa kila faili na kila kipande. Kwa hiyo mafaili milioni 10 yenye kipande kimoja kimoja huhitaji gigabaiti 3 kwa ajili ya daftari peke yake, hata kama kila faili ni barua ya ukurasa mmoja. Mfumo huu unapenda mafaili machache makubwa, nasi tuna mafaili madogo madogo: insha, mahojiano ya dakika tano, picha za magofu. Tena unahitaji mashine nyingi na watu wa kuzitunza.

Yanayotufaa ni mawazo yake, na hili tunalisema kwa uchungu. Idara moja ambako tuliwahi kufundisha ilikuwa na rekodi za wazee wakisimulia ngano, zilizokusanywa na wanafunzi kwa miaka minne. Zilikuwa na nakala mbili, na sote tuliridhika. Nakala zote mbili zilikuwa kwenye diski moja, katika mafolda mawili. Diski ilipokufa tulibaki na daftari lenye majina ya mafaili yote, yamepangwa vizuri kwa tarehe na kijiji. Karani alikuwepo, makabati yalikuwa yameungua. Wazee wawili kati ya wale walikuwa wameshafariki.

Rekodi za idara hii sasa zina nakala tatu: moja ofisini, moja maktaba kuu, na moja nje ya chuo. Kila mwanzo wa mwezi mwanafunzi wa zamu hufungua mafaili kadhaa kutoka kila nakala na kuyasikiliza, kwa sababu nakala isiyowahi kufunguliwa hatuna hakika nayo. Zamu ya mwezi ujao bado haina jina ubaoni.

Kuhusu zoezi lile, alama zilizokwisha kutolewa hazitapunguzwa. Wanafunzi watalirudia wakiwa na makala haya, na Alhamisi kwenye semina ya istilahi tutajadili mapendekezo yetu ya "kipande", "nodi ya kuunganisha daftari" na "mapigo ya moyo". Mwenzetu wa sayansi ya kompyuta amekubali kuhudhuria. Mwenye neno bora zaidi ya hayo alete limeandikwa, pamoja na sentensi mbili zinazoonyesha matumizi yake.